Mikono Ndani ya Mpira

Siku niliyoagwa kazini, mkunga mmoja kijana alinivuta pembeni akanionyesha mikono yake chini ya meza, kama mtu anayeonyesha kitu alichoiba. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati ya vidole, na viganja vimekuwa vyekundu. Akasema ni glavu. Nikamwambia nitamwandikia, kwa sababu pale kulikuwa na hotuba na soda, na habari yenyewe ni ndefu. Wengine walitegemea niandike vyeo nilivyopanda na wakubwa niliowatumikia. Vyeo vimo kwenye faili, na wakubwa wengi waliondoka kabla sijazizoea sauti zao. Mimi nitaandika habari ya mikono.

Niliingia kazini muda mfupi kabla ya Uhuru wa Kongo, nikiwa mke mpya niliyeletwa Nyamianda, mtaa wa hapa Uvira, kutoka Bwegera. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, kwenye barabara ya kwenda Fizi: wodi mbili, materinite ya akina mama wanaojifungua, na chumba cha upasuaji chenye dirisha moja linalotazama ziwa. Kulikuwa na daktari Mzungu na masista watatu. Sista mkubwa aliitazama mikono yangu hata kabla ya kunitazama usoni. Nimepanda mpunga tangu utotoni, kwa hiyo mikono yangu ni mipana. Akasema, "Iko na nguvu," akanipa aproni, akanituma nyuma kwa Mzee Athumani nikajifunze kuvaa glavu.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa zile familia za wafanyabiashara Waislamu wa Uvira, mwembamba, mwenye kofia ambayo haikutoka kichwani hata alipovaa ile kofia nyingine ya chumba cha upasuaji. Alivaa zote mbili, moja juu ya nyingine, na hakuna daktari aliyethubutu kumuuliza. Kazi yake ilikuwa kutunza vyombo, na kati ya vyombo vyote alizipenda zaidi glavu. Nyinyi mnatoa glavu kwenye boksi, mnazivaa mara moja, mnazitupa. Sisi jozi moja tuliivaa mpaka rangi yake ikabadilika. Baada ya kila kazi Mzee Athumani aliziosha kwa sabuni, akazigeuza ndani nje, akaziosha tena. Kisha alipuliza kila moja kwa mdomo, akaifunga kwa vidole na kuizamisha kwenye beseni, akisubiri mapovu. Penye tundu alibandika kiraka kwa gundi, vilevile kama fundi wa baiskeli. Halafu alizianika, akazipaka unga wa talki, akazifunga kwa kitambaa na kuzipika kwenye lile pipa la mvuke linaloua vijidudu.

"Unaona hii?" aliniambia siku ile ya kwanza, akininyooshea glavu. "Weye unafikiri ni nguo. Hapana. Hii ni ngozi ya mugonjwa wa kesho. Ukiipasula, umemupasula yeye."

Nikaivaa. Ilinibana mpaka vidole vikafa ganzi. Akacheka kidogo, akasema Wazungu hawakutuma mipira ya watu waliolima, kwa hiyo nitavumilia.

Kamba ya kuanikia ilikuwa nyuma ya materinite. Wanawake waliotoka Makobola kuja kujifungua, wakiona mikono myeupe imening'inia na kucheza kwenye upepo wa ziwa, wengine waligeuza njia. Maneno yakazunguka kwamba Wazungu wakimaliza kazi huvua ngozi na kuianika. Sista akaamuru kamba ihamishiwe nyuma ya jiko. Mzee Athumani alikasirika kwa sababu huko kulikuwa na moshi, na moshi, alisema, haufai kwa mpira. Alijua mambo yote yasiyofaa kwa mpira, isipokuwa moja, na hilo nilikuja kumfundisha mimi.

Mikono ilianza kuniwasha kabla ya mwaka kwisha. Kwanza vipele vidogo kama chembe za mtama, katikati ya vidole. Kisha ngozi ikawa kavu, ikapasuka, ikatoa maji. Tulinawa mara nyingi kwa sabuni kali na lizoli, ile dawa ya kuua vijidudu, tukaingiza mikono kwenye mpira ikiwa bado na unyevu, tukaiacha humo saa nzima ijitokose. Siku hizi najua kwamba hiyo pekee inatosha kuharibu ngozi ya mamba. Wakati ule nilidhani ni mimi tu niliye na kasoro, na niliona aibu.

Nyumbani ilikuwa vibaya zaidi. Tulikula sahani moja, mimi, mama mkwe wangu na wifi zangu, na samaki wetu, ndagala au mikeke, hawakukosa ndimu na pilipili. Siku moja nilitumbukiza tonge, machozi yakanitoka. Kesho yake nikachukua kijiko. Mama mkwe aliweka tonge lake chini.

"Bugali yangu iko na nini, mupaka unaikulia na kijiko?"

"Haina kitu, mama. Ni mikono njo inaniuma."

Akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaiachia upesi. Kuanzia siku ile waliniwekea sahani yangu peke yangu. Hakuna aliyelitamka neno ukoma, lakini lilikaa nasi kila tulipokula. Sikumlaumu, maana mtu akiletewa mkamwana mwenye mikono kama ile ana haki ya kuogopa. Lakini kula peke yangu katika nyumba yenye watu kuliniumiza kuliko ndimu.

Kazini Sista alisema mikono ikiendelea hivyo atanitoa materinite anipeleke kufua mashuka, kwa sababu majeraha hukaribisha vijidudu. Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimeshapokea watoto wa kutosha kujua kwamba hakuna kazi nyingine ninayoitaka. Kwa hiyo nikajifunza kuificha mikono: kuibeba chini ya aproni, kunawa wa mwisho, kuvaa glavu kabla ya wenzangu kuingia.

Uhuru ulikuja tukafurahi, tukacheza barabarani mpaka viatu vikaisha. Baada ya hapo daktari alivuka mpaka, masista wakafuata, na makasha ya vifaa yakaacha kuja. Mkubwa wetu sasa alikuwa Mkongomani mwenzetu, msimamizi mwenye suti moja na kalamu tatu mfukoni. Alipenda orodha. Mara moja kila wiki aliandika kila kilichomo kabatini, na kila wiki orodha ilikuwa fupi zaidi. Talki ilipokwisha, Mzee Athumani aliamua kuchekecha unga wa muhogo kwenye kitambaa chembamba na kuupaka kwenye glavu. Wazo halikuwa baya. Lakini unga wa muhogo ukikutana na jasho ndani ya mpira unakuwa uji, na uji ukikaa kwenye vidonda unachachuka. Mikono yangu ikaanza kunuka.

Hapo ndipo nilipopaka mawese. Kwetu mawese ni dawa ya kila kitu: mtoto mchanga, kisigino kilichopasuka, jipu, kikohozi. Nilijipaka asubuhi kabla ya kazi, kidogo tu, nikafuta, nikavaa glavu. Nafuu niliyoipata siwezi kuieleza. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliweza kukunja ngumi. Nikaendelea kila siku.

Baada ya wiki mbili glavu zikaanza kufa. Zilikuwa zinanata, zinavimba, vidole vinarefuka na kulegea kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai. Viraka vilibanduka. Mzee Athumani alizitazama kwenye mwanga wa dirisha, akazinusa, akazivuta masikioni kwake kusikiliza. Akapunguza muda wa mvuke. Akabadilisha kuni. Akaulaumu muhogo, akaacha kuutumia. Glavu ziliendelea kufa.

"Pengine mimi nimezeeka," aliniambia siku moja, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema "pengine" juu ya mpira. "Pengine nazipikaka sana."

Siku hiyohiyo, nikila mchana, tone la mawese liliangukia kidole cha glavu iliyotupwa. Niliporudi kutoka wodini, palipoanguka tone pamevimba kama pameumwa na nyuki. Nikaelewa. Na nikanyamaza. Nataka mlisome neno hili jinsi lilivyo: nilielewa, nikanyamaza. Niliacha mawese siku tatu, mikono ikapasuka tena mpaka damu, nikayarudia. Msimamizi alimgombeza Mzee Athumani mbele yetu sote kwa kuharibu mali ya hospitali, akaandika jambo hilo kwenye kitabu chake kwa kalamu nyekundu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mikono chini ya aproni.

Kisha uasi ukafika. Siku waasi waliposhuka mjini, msimamizi alikuwa ameshavuka kwenda Burundi na kalamu zake, na waganga wanaume wa hospitali wote walimfuata. Mume wangu aliwavusha watoto wetu na mama yake. Mimi nilibaki kwa ajili ya akina mama wawili waliojifungua kwa kupasuliwa, wasioweza kutembea, na Mzee Athumani alibaki kwa sababu, alisema, pipa la mvuke halivuki ziwa. Glavu nzima ilikuwa imebaki jozi moja.

Asubuhi ya siku ya nne walimleta kamanda wao amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya mtu. Alikuwa na kipande cha chuma pajani, cha siku nyingi, na paja lilikuwa limejaa usaha. Homa ilimchemsha. Aliongozana na vijana wenye mikuki na bunduki, na mzee mmoja aliyevaa ngozi ya mnyama, ambaye ndiye aliyewapa dawa ya vita. Dawa hiyo ilikuwa na miiko, na mkubwa wa miiko yote, kwao, ulikuwa huu: ngozi ya mwanamke isimguse mpiganaji. Ikimgusa, dawa inakufa, na risasi zinamjua.

"Munganga mwanaume iko wapi?" akauliza mwenye dawa.

"Bote balikimbia," akajibu Mzee Athumani. "Minye macho yangu hayaone tena karibu. Huyu mama njo anajua kupasula. Alisaidiaka docteur."

Hiyo ilikuwa kweli, nilimsaidia daktari mwaka mzima. Wakatazamana. Kamanda alikuwa anakoroma. Mwenye dawa akaona ile jozi ya glavu kwenye kitambaa chake, akaigusa kwa ncha ya fimbo.

"Hii ni ngozi?"

"Hapana. Ni mupira. Ni maji ya muti."

"Basi muti umuguse. Muti hauna mwiko." Akanigeukia. "Lakini, mama, nitaangalia ile mikono. Ngozi yako ikimufikia, weye na ye mutaenda pamoja."

Mimi nilikuwa nimejipaka mawese asubuhi ile, mengi, maana sikutegemea kazi ya glavu. Nilijua kinachotokea mafuta na mpira vikikutana. Kazi ile ingechukua saa nzima. Nilisimama mbele ya beseni nikanawa na kunawa, na maji yalikuwa yanateleza juu ya ngozi kama yanavyoteleza juu ya jani la mgomba. Mzee Athumani alikuja na taulo.

"Mzee," nikamwambia kwa sauti ya chini, "siwezi kuvaa. Nimepakaa mawese."

"Utanawa."

"Si ya leo tu. Kila siku. Minye njo niliua ile mipira yote. Mafuta yanaikula. Nilijua, nikanyamaza."

Alinitazama. Nilitegemea hasira, na ningeipokea vizuri zaidi. Alichonionyesha usoni kilikuwa nafuu, kama mtu aliyeambiwa kwamba haumwi. Akasema polepole, "Basi sikuzeeka." Kisha akaishika mikono yangu yeye mwenyewe. Akachukua majivu ya jikoni na sabuni, akasugua kila kidole, kila mpasuko, mara tatu, na kila mara akamwaga maji na kutazama kama bado yanateleza. Maumivu yale sijawahi kuyapata hata nilipozaa. Sikutoa sauti, kwa sababu mwenye dawa alikuwa anatazama. Mzee Athumani akaikausha kwa shashi, akaivalisha mpira, akanisukuma mbele.

Nilichoma sindano ya ganzi, nikapasua, usaha ukatoka kujaza bakuli. Nilikitafuta kile chuma kwa kidole, ndani sana, karibu na mfupa, nikakipata. Mwenye dawa alikuwa ameinama mpaka pumzi yake ikawa inanigusa shavuni. Tulipofika kwenye kuziba kwa shashi, niliona ncha ya kidole changu cha shahada imeanza kuwa nyeupe na kulegea. Mafuta hayakutoka yote. Mzee Athumani, ambaye macho yake hayakuona karibu, aliliona hilo. Akaniwekea koleo mkononi, la kwanza na la pili, na kuanzia hapo sikugusa tena kwa kidole. Nilimaliza nikishika shashi kwa vyuma viwili, kama mtu anayetoa kaa la moto jikoni.

Nilirudi nyuma hatua mbili ili nivue. Hapo mpira ulipasuka, na kidole changu kikatokeza chote, chekundu, mbele ya watu wote.

Mwenye dawa akainua fimbo.

"Imepasuka wakati gani?"

Mzee Athumani alicheka, kicheko kikubwa ambacho sikuwahi kumsikia nacho, akaivua ile glavu mkononi mwangu na kuivuta mbele yao ikakatika vipande vipande.

"Sasa hivi, si muliona? Hii mipira inapasukaka yenyewe. Minye njo naipikaka mubaya. Muulize muntu yeyote hapa Uvira. Hata mukubwa wetu aliandika mu kitabu: Athumani anaharibu mipira."

Jirani mmoja aliyekuja kuchungulia mlangoni akaitikia kwamba ni kweli, kila mtu anajua. Mwingine akacheka. Kisha vijana nao wakacheka, na mwenye dawa akashusha fimbo. Kamanda alipona, wakaondoka naye baada ya siku kumi. Sikusikia tena habari zake.

Serikali iliporudi, msimamizi naye alirudi, na orodha zake. Alipofika kwenye glavu akauliza. Hakuna aliyehitaji kujibu. Kisa cha Athumani aliyekiri mwenyewe mbele ya waasi kilikuwa kimezunguka mpaka sokoni, na watu walikisimulia kwa kicheko. Msimamizi alimwita, mimi nikiwa chumbani humo nikipanga vyombo. Alimwambia kwamba kuanzia kesho hatagusa tena kifaa chochote, atakaa getini afungulie wageni. Mzee Athumani alinitazama mara moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matano. Nilifikiria materinite, na mashuka ya kufua, na mama mkwe wangu. Akasema, "Sawa, mukubwa," akatoka.

Sasa nimpe yule mkunga alichoniomba. Ukimaliza kunawa, kausha mikono mpaka katikati ya vidole, usivae ukiwa na unyevu. Vua glavu kila unapopata nafasi, ngozi ipumue. Mimi nilishona glavu nyembamba za pamba kutoka kwenye mashuka yaliyochakaa, nikawa navaa hizo ndani na mpira juu, nikazifua kila jioni. Hizo ndizo zilizoniponya, na mama mkwe akanirudisha kwenye sahani. Mafuta paka ukifika nyumbani, si kazini. Na mikono ikikuuma, mwambie mkubwa wako siku ya kwanza.

Mzee Athumani alikaa getini miaka mingi. Kila asubuhi nilipopita aliuliza, "Mama Feza, mikono iko aje?" Nami nikajibu, "Iko muzuri, Mzee." Hakuwahi kuongeza neno. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kusema ukweli mbele ya watu, na siku ya maziko nilisimama na wanawake nikalia kwa sauti kuliko binti zake, watu wakashangaa.

Nimewasikia hapo kazini, hata nyinyi mliozaliwa baada yake. Mpira wa drip ukivuja, au kiti kikivunjika, mnasema, "Hii ilipikwa na Athumani," na mnacheka. Hamjui ni nani. Alikuwa mtunza vyombo bora kuliko wote niliofanya nao kazi, na katika maisha yake hakuharibu glavu hata moja. Niliziharibu mimi, Mama Feza, na nikamwacha akae getini.